Milango ya Falaki Ifunguliwe kwa Umma

Elimu ya nyota ni miongoni mwa elimu kongwe za binadamu, wala haikuzaliwa vyuoni. Ilizaliwa baharini, mashambani na jangwani, kwa watu waliohitaji kujua njia, msimu na saa. Kwa hiyo chuo kinapowafungulia wananchi kituo chake cha falaki ili nao watazame mbingu, sisi tunalihesabu jambo hilo kuwa ni haki, si hisani.

Upo mfano unaostahili kuangaliwa. Katika Chuo Kikuu cha Virginia, Marekani, kuna kituo cha falaki kilichojengwa juu ya kilima na kuzinduliwa mwaka 1885. Darubini yake, yenye kioo cha upana wa sentimita 66, ilitolewa na Leander McCormick, ambaye yeye na ndugu zake walichuma mali kwa mashine za kuvunia ngano. Zama hizo ilikuwa miongoni mwa darubini kubwa kabisa duniani, na kwa miaka mingi ilitumika kupima umbali wa nyota. Leo watafiti wana vyombo vikubwa zaidi, lakini mlango haukufungwa. Kwa desturi, Ijumaa mbili za mwezi, wenyeji wakubwa kwa wadogo hupanda kilimani usiku, hupanga mstari, na kila mmoja huchungulia kwa zamu yake. Aliyezisikia tu pete za Zohali huziona kwa jicho lake mwenyewe.

Faida ya usiku huo si starehe peke yake. Mwalimu anaweza kuchora sayari ubaoni mwaka mzima, na mwanafunzi akakariri ili afaulu mtihani tu. Lakini aliyekwisha kuona huanza kuuliza. Na mwananchi anayejua kwamba mwezi hupatwa kwa kuingia katika kivuli cha dunia, hatishwi na mpiga ramli.

Sisi nasi hatuanzi na mikono mitupu. Wakulima wetu walikijua Kilimia, ambacho jina lake latokana na kulima. Wahenga walisema: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Nyota nyekundu inayokifuata Kilimia, wanafalaki wa Virginia na wa dunia nzima huiita Aldebaran. Neno hilo ni la Kiarabu, na maana yake ni mfuataji. Aidha, kwa kuwa tuko karibu na Ikweta, twaziona nyota za kaskazini na za kusini pia. Msalaba wa Kusini, ambao mtu wa Virginia hauoni kamwe akiwa kwao, huku kwetu hung'ara jioni za mwezi wa Mei.

Itasemwa kwamba darubini ni ghali. Hoja hiyo haina uzito mkubwa. Mwaka 1610 Galileo aligundua miezi minne ya Mushtari kwa darubini ndogo, dhaifu kuliko nyingi za wanafunzi wa leo. Kizuizi cha kweli ni utaratibu. Kazi hii ni ya usiku, na hakuna mzazi atakayemruhusu binti yake bila kujua atarudi vipi na nani.

Kwa hiyo tunatoa wito. Vyuo vyenye darubini vitenge usiku maalumu wakati wa kiangazi, vitangaze mapema, na wanafunzi wao wawaeleze wageni kwa Kiswahili fasaha. Shule zipange usafiri na walimu wa kuongozana na watoto, na wazazi nao wakaribishwe. Darubini iliyofungiwa ghalani haimfundishi mtu.

Vyuo vya umma hujengwa kwa jasho la wakulima na wafanyakazi, ambao wengi wao hawatakaa darasani humo hata siku moja. Kuwapokea japo kwa usiku mmoja, waonyeshwe kile walichokigharimia, ni kulipa sehemu ndogo tu ya deni.