Msizime redio ya wanavisiwa

Mimi naandika programu, kwa hivyo sina ugomvi na intaneti. Lakini tarehe 31 Januari 2017, ABC, shirika la utangazaji la umma la Australia, lilizima matangazo yake ya mawimbi mafupi kwa visiwa vya Pasifiki. Eti teknolojia imezeeka, watu wahamie FM na intaneti.

Haya, Januari 2022 volkano ilikata kebo ya baharini ya Tonga. Intaneti ikayumba kwa wiki kadhaa! Mawimbi mafupi hayahitaji kebo wala mnara kisiwani. Redio ya betri yatosha. Redio ya umma ya New Zealand iliendelea kurusha yake.

Kuzeeka si kuharibika. Kabla ya kuzima mtambo, muulize kwanza aliye mbali zaidi. Ama wewe waonaje?