Faili Uliyoifuta Bado Imo
Anayeuza laptopu yake baada ya kutupa kila kitu pipani na kulimwaga pipa hudhani ameuza chombo kitupu. Wapi! Kompyuta imeondoa tu jina la faili kwenye orodha yake na kuihesabu nafasi ile kuwa wazi. Mara nyingi yaliyomo hubaki palepale mpaka yaandikwe mengine juu yake. Mwaka 2003 Simson Garfinkel na Abhi Shelat, watafiti wa MIT nchini Marekani, walichapisha waliyoyakuta kwenye diski 158 za mitumba: kati ya 129 zilizokuwa zikifanya kazi, 12 tu ndizo zilizosafishwa sawasawa. Moja ilitoka kwenye ATM, na namba za akaunti za wateja zilikuwa bado zimo. Benki, jamani! Kwa diski za kuzunguka za siku hizi, kuandika juu ya diski nzima mara moja kunatosha. Wanaorudia mara 35 wanajichosha bure. SSD, diski isiyozunguka, ni habari nyingine: yenyewe huhamisha data huku na kule bila kukuarifu, hivyo hujui umeandika juu ya nini. Huko heri uisimbe diski nzima tangu siku ya kwanza, kwa BitLocker, FileVault au LUKS, ili siku ya kuuza uharibu ufunguo wa usimbaji tu. Ufunguo wa akiba, ule wa kufungulia diski ukisahau nywila, uandike kwenye karatasi, uuweke mbali na kompyuta. Ukiupoteza pamoja na nywila, hata fundi hodari wa Kariakoo hatakufungulia.