Mwacheni mtoto aongoze mchezo



Katika kutembea nyumba kwa nyumba hapa Nakivale, sisi wahudumu wa afya wa kujitolea tunakutana na watoto wa miaka mitatu au minne ambao hawageuki wakiitwa, hawamwangalii mtu usoni, na wanaweza kupanga vizibo vya soda mstari mmoja tangu asubuhi mpaka jua liwe kali. Majirani wanasema amerogwa, au mama yake hakumpenda tangu tumboni. Wengine wanafungiwa ndani siku ya kugawa chakula ili watu wasiwaone. Wapo wazazi waliouza posho ya mwezi kulipia waganga, na mtoto amebaki vile vile.

Baadhi ya watoto hawa wana usonji. Huo si uchawi, wala hauambukizi, wala haukuletwa na malezi ya mama. Hata madaktari walipata kukosea hapo: baada ya daktari Leo Kanner kuandika mwaka 1943 juu ya watoto 11 wa namna hiyo, kwa miaka mingi wataalamu wa Ulaya na Marekani waliwalaumu akina mama kwamba wana moyo baridi. Fikra hiyo ilikuja kukataliwa kabisa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji, kwa hiyo hauko peke yako. Lakini si kila anayechelewa kusema ana usonji. Mwingine hasikii vizuri. Mpeleke kwanza kituo cha afya apimwe masikio.

Sasa nije kwenye neno langu. Mimi bado kijana na wengi wenu mnanizidi umri, kwa hiyo nasema kwa heshima: tunawafundisha watoto hawa kwa kuwalazimisha, na ndiyo maana wanatukimbia. Mama anamshika kidevu mtoto, «Sema mama! Sema mama!», mara kumi. Baba anamnyang'anya vizibo na kumpa mpira, kwa sababu mpira ndio mchezo wa watoto wenzake. Mtoto analia, anajipiga kichwa, wote wanachoka.

Jaribu kinyume chake. Keti chini kwenye mkeka, uso wako ulingane na wake. Usimwambie cha kufanya. Angalia tu anachopenda. Akipanga vizibo, nawe chukua vyako upange karibu naye (chunga tu asivitie mdomoni). Akimwaga mchanga toka kikombe mpaka kikombe, nawe mwaga. Sema neno moja au mawili ya kile anachofanya, kwa lugha ya nyumbani kwenu: «mwaga», «bado kimoja». Kisha nyamaza, hesabu moja mpaka tano moyoni, umpe nafasi. Akikuangalia, au akikusogezea kizibo, hayo ni mazungumzo. Mjibu. Akikusukuma, rudi nyuma kidogo, usikasirike.

Najua mtauliza muda utatoka wapi, na foleni ya maji, na kuni, na shamba. Dakika 10 au 15 kwa siku zinatosha kuanzia, na hata kuoga na kumenya maharage kunaweza kuwa mchezo. Wababa wengine wananiambia mtu mzima hakai mavumbini. Kwangu hilo ni jambo la aibu ya watu tu, maana yule yule hukaa mavumbini saa nzima akicheza igisoro. Wengine wanaogopa mtoto atadekezwa. Kumfuata katika mchezo si kumruhusu apige wenzake au akimbilie barabarani; huko mzuie kama mtoto yeyote.

Msidhani pia kwamba jambo hili ni la wenye madaktari wengi. Mwaka 2016 ulitolewa utafiti kutoka Goa, India, na Rawalpindi, Pakistani, wa watoto 65. Wahudumu wa kawaida, si wataalamu, waliwaelekeza wazazi jinsi ya kumwitikia mtoto wakicheza. Wazazi hao walijifunza kumwitikia vizuri zaidi, na watoto wao wakaanza wenyewe mawasiliano mara nyingi zaidi kuliko wale waliopata huduma za kawaida tu.

Sisemi usonji utaisha. Hauishi, na kuna watoto ambao hawatasema kwa mdomo. Wala mchezo si badala ya hospitali: mtoto akianguka kifafa, au akipoteza maneno aliyokuwa nayo, mlete haraka, na kituo kikimpa barua ya kwenda Mbarara, mpelekeni. Lakini kamba za kumfunga mguuni zifunguliwe leo, hazisubiri barua.

Kaka na dada zake nao wanaweza kuketi naye mkekani jioni. Waambieni tu wasimnyang'anye vizibo vyake.