Hatukuwa Sawa na Korea

Mjadala wa uchumi ukizuka hapa Tanzania, iwe bungeni, redioni au kijiweni, haupiti muda kabla mtu hajasema: "Mwaka 1961 tulikuwa sawa na Korea Kusini. Watazame wao walipo, tutazame na sisi." Wakenya huusema usemi huo kwa mwaka 1963, Waghana kwa mwaka 1957, kila mmoja kwa mwaka wa uhuru wake. Hukumu nayo hufuata papo hapo: wenzetu walichapa kazi, sisi tukalala, wenzetu walipata viongozi, sisi tukapata walaji. Wasikilizaji hutikisa vichwa kwa uchungu, na mazungumzo huishia hapo.

Usemi huo nataka kuupinga kuanzia mzizini. Hatukuwa sawa na Korea. Tulikaribiana nayo kwa kipimo kimoja tu, na kipimo chenyewe hakikutengenezwa ili kuonyesha nchi ina nini mkononi cha kuisukuma mbele. Kwa kuwa tumekosea mahali safari ilipoanzia, tumekosea pia sababu ya kuachwa nyuma, na tunaendelea kukosea dawa.

Kipimo chenyewe ni pato la wastani la kila mtu. Thamani ya bidhaa na huduma zote zilizozalishwa nchini kwa mwaka hujumlishwa, kisha hugawanywa kwa idadi ya wananchi. Mwaka 1960 pato la Korea Kusini kwa hesabu hiyo halikufika dola 200 kwa mtu. Ghana ilikuwa papo hapo. Kenya na Tanganyika zilikuwa chini, lakini zote zilihesabiwa kuwa nchi fukara. Usawa tunaouimba ni huo tu.

Hesabu hii ina historia yake. Simon Kuznets, mchumi aliyeongoza kazi ya kukadiria pato la taifa la Marekani wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi, aliwasilisha ripoti yake bungeni mwaka 1934. Ndani ya ripoti hiyohiyo alionya kwamba hali njema ya wananchi haiwezi kusomwa kutoka kwenye jumla ya pato lao. Serikali zilichukua jumla, onyo zikaliacha. Vita Kuu ya Pili ilipofika, jumla hiyo ikawa chombo cha kupanga uzalishaji wa silaha, na baada ya vita ikageuzwa kuwa mizani ya kupimia mataifa yote, hata yale ambayo sehemu kubwa ya chakula chao haikupita sokoni wala kuandikwa popote.

Kwa nchi kama zetu, tarakimu hiyo ni makadirio yaliyojengwa juu ya makadirio. Septemba 2014 Kenya ilibadilisha mwaka wa kizio cha takwimu zake, na uchumi wake ukaonekana kuwa mkubwa kwa robo nzima kuliko ulivyodhaniwa. Nigeria ilifanya hivyo Aprili mwaka huohuo, na pato lake likapanda kwa asilimia 89. Marekebisho hayo yalikuwa halali na yalihitajika, maana simu za mkononi, benki na biashara mpya zilikuwa hazijahesabiwa ipasavyo. Lakini kama katika karne hii hesabu inaweza kupishana na hali halisi kwa kiasi hicho, tunawezaje kuichukua tarakimu ya mwaka 1960, iliyokadiriwa na maofisa wachache wa kikoloni, tukaifanya ushahidi wa kulihukumu taifa?

Tuseme basi kwamba tarakimu ile ilikuwa sahihi. Hata hivyo ingetueleza kilichomo ghalani siku hiyo, isitueleze lolote kuhusu shamba. Wakulima wawili wanaweza kuwa na ghala tupu kwa pamoja, huku mmoja ameshalima na mbegu imo ardhini, na mwingine bado anasafisha pori. Mpita njia atawaita sawa. Msimu wa mavuno utamsuta.

Korea ilikuwa imeshalima. Kwanza, ardhi. Kati ya mwaka 1948 na miaka ya mwanzo ya 1950, mashamba yaliyokuwa ya Wajapani na ya makabaila wa Kikorea yaligawiwa kwa bei nafuu kwa wakulima waliokuwa wakiyalima kwa kukodi. Hakuna aliyeruhusiwa kumiliki zaidi ya hekta tatu hivi za shamba, na mpangaji aliyezoea kutoa karibu nusu ya mavuno yake kwa mwenye ardhi akawa mwenye ardhi yeye mwenyewe. Linganisha na Kenya: mpango wa ekari milioni moja, ulioanza mwaka 1962, uliwataka Waafrika kuinunua ardhi ya walowezi kwa mikopo, hivyo familia nyingi zilianza uhuru zikiwa na deni la mashamba ambayo babu zao walinyang'anywa bure.

Pili, elimu. Utawala wa Wajapani ulipokwisha mwaka 1945, Wakorea wengi hawakujua kusoma. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1960, na licha ya vita vilivyoibomoa nchi kuanzia 1950 hadi 1953, zaidi ya theluthi mbili ya watu wazima walijua kusoma na kuandika, na karibu kila mtoto aliandikishwa shule ya msingi. Tanganyika ilipopandisha bendera Desemba 1961, watu wazima wapatao 85 katika kila 100 hawakujua kusoma. Mwalimu Nyerere alikuwa akiukumbusha ulimwengu kwamba baada ya miaka zaidi ya arobaini ya utawala wao, Waingereza waliwaachia Watanganyika wahandisi wawili na madaktari kumi na wawili. Chuo kikuu kilikuwa kimefunguliwa Oktoba mwaka huohuo, kikiwa na kitivo kimoja cha sheria, katika jengo la chama cha TANU mtaa wa Lumumba, na wanafunzi wasiotimia ishirini.

Tatu, umbali. Korea Kusini ilikuwa na watu milioni 25 katika eneo la kilomita za mraba laki moja hivi, yaani watu 250 kwa kila kilomita ya mraba. Tanganyika ilikuwa na eneo mara tisa ya hilo, na wastani wa watu kumi kwa kilomita ya mraba. Barabara moja, nguzo za umeme, shule au zahanati iliyohudumia maelfu kule Korea, huku ilihudumia mamia. Hesabu hii haihitaji nadharia: gharama ya kumfikia raia mmoja ilikuwa kubwa mara nyingi zaidi kwetu, na mfuko ulikuwa mdogo.

Nne, misaada. Katika miaka ya 1950 fedha za Marekani zililipia sehemu kubwa ya bidhaa ambazo Korea Kusini iliagiza kutoka nje, kwa sababu nchi hiyo ilikuwa mstari wa mbele wa Vita Baridi. Mwaka 1965 mkataba na Japani ulileta dola milioni 300 za ruzuku na milioni 200 za mikopo nafuu, na sehemu ya fedha hizo ilijenga kiwanda cha chuma cha Pohang. Hakuna mtawala wetu wa zamani aliyetulipa fidia ya kujengea kiwanda cha chuma.

Baada ya hayo, neno uvivu linabaki na nguvu gani? Wanaolishikilia husema tofauti ni ya utamaduni, kwamba Wakorea wana nidhamu ya kazi iliyomo damuni. Historia ya peninsula yao yenyewe inakanusha. Kaskazini na Kusini ni watu wamoja, wenye lugha, mababu na desturi zilezile, na mwaka 1945 viwanda vizito na umeme mwingi vilikuwa Kaskazini. Leo Kaskazini ni maskini na Kusini ni tajiri. Damu haikubadilika, siasa na uchumi vilibadilika. Mchumi Ha-Joon Chang, mzaliwa wa Seoul, amekusanya maandishi ya wasafiri wa Magharibi wa zama zilizopita waliowaita Wajapani wavivu na Wajerumani wazito wa akili. Taifa likiwa maskini huitwa vivu. Likitajirika, tabia zilezile huitwa nidhamu.

Hoja ya ufisadi ni nzito zaidi, na siipuuzi. Fedha ya dawa inapoibwa, mgonjwa hufa. Lakini Korea nayo ilikuwa na rushwa kubwa. Mwaka 1996 marais wake wawili wa zamani, Chun Doo-hwan na Roh Tae-woo, walihukumiwa kwa makosa yaliyojumuisha kupokea hongo kutoka kwa makampuni makubwa. Kama rushwa peke yake ingetosha kuangusha nchi, Korea isingeinuka. Tofauti ilikuwa katika sharti. Serikali ya Park Chung-hee, iliyoingia kwa mapinduzi mwaka 1961, ilizishika benki, ikagawa mikopo ya bei nafuu, kisha ikaidai kila kampuni ifikie lengo la kuuza nje. Iliyofikia iliongezewa, iliyoshindwa ilinyimwa, hata kama mwenyewe alikuwa na marafiki Ikulu. Mwaka 1964 bidhaa za Korea zilizouzwa nje zilifikia dola milioni 100. Mwaka 1977 zilifikia bilioni 10. Mashirika yetu ya umma yalipata upendeleo uleule bila sharti, na hapo ndipo lawama yetu ilipo halali.

Wapo watakaosema kwamba natafuta visingizio, kwamba miaka zaidi ya sitini inatosha. Siandiki kuwasafisha viongozi. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 iliwahamisha mamilioni ya watu, wengine kwa nguvu, na kuvuruga kilimo. Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976, na mamlaka za mazao zikamlipa mkulima bei isiyomtosha. Hayo tuliyafanya wenyewe. Lakini ukweli wote unadai tutaje pia bei ya mafuta iliyoruka mwaka 1973 na tena mwaka 1979, na vita vya Kagera vilivyokausha hazina. Kisingizio ni sababu inayotajwa ili jambo lisifanyike. Sababu inayotajwa ili jambo lifanyike vizuri zaidi ni maarifa.

Na hapa ndipo kipimo kibovu kinapotudhuru zaidi ya kututukana. Katika miaka ya 1970 Tanzania iliendesha kampeni ya elimu ya watu wazima iliyofika hadi vijijini, wazee wakajifunza kusoma, kuandika na kuhesabu chini ya miembe na kwenye ofisi za chama. Azimio la Musoma la mwaka 1974 likaharakisha elimu ya msingi kwa wote. Kufikia katikati ya miaka ya 1980, kwa takwimu za serikali, watu wazima wasiojua kusoma walikuwa wamebaki kama mmoja kati ya kumi. Katika miaka hiyohiyo pato la wastani lilidumaa. Kwa mizani ya pato, huo ulikuwa wakati wa kushindwa.

Kisha ukaja mkataba na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 1986. Takwimu za ukuaji zikaanza kupanda tena, na nchi ikasifiwa. Lakini bajeti za huduma zilibanwa, michango na ada zikaingia shuleni, na uandikishaji wa shule za msingi, uliokuwa juu ya asilimia 90 mwanzoni mwa miaka ya 1980, ukashuka chini ya asilimia 80 katika miaka ya 1990. Haukuinuka kwa nguvu hadi ada ilipofutwa na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) kuanza mwaka 2002. Watoto waliokosa darasa wakati ule ndio leo watu wa makamo wanaoendesha mashamba, karakana na familia zetu. Kipimo kilichouita wakati wa kwanza hasara na wa pili nafuu kilikuwa kinasoma kinyume.

Vipimo bora vipo. Mwaka 1990 Mahbub ul Haq wa Pakistani, akishirikiana na Amartya Sen wa India, aliliwezesha Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa kutoa Fahirisi ya Maendeleo ya Binadamu, inayojumuisha umri wa kuishi, elimu na kipato. Guinea ya Ikweta, yenye mafuta, imeonyesha kwa nini fahirisi hiyo inahitajika: pato lake kwa mtu lilipanda hadi kuwa miongoni mwa yaliyo juu kabisa barani, huku afya na elimu ya wananchi zikibaki nyuma sana ya fedha hizo. Hata fahirisi hiyo ni wastani, haiwezi kuonyesha tofauti ya Masaki na Mbagala jijini Dar es Salaam. Lakini inauliza swali linalohusu watu.

Na tukiwa tunaisifu Korea, tuipime nayo kwa kipimo kamili. Novemba 1970, Jeon Tae-il, fundi cherehani wa miaka 22, alijichoma moto sokoni Seoul akidai sheria ya kazi iheshimiwe kwa wasichana walioshona nguo saa nyingi kupita kiasi kwenye vyumba visivyo na hewa. Yeye hayumo ndani ya zile dola bilioni 10, ingawa wenzake ndio waliozizalisha.

Julai 2020 Benki ya Dunia iliitangaza Tanzania kuwa nchi ya uchumi wa kati, na tulishangilia. Tangazo kubwa kuliko hilo lilipita kimya zaidi: kwa mujibu wa tafiti za kitaifa za afya, vifo vya kinamama vinavyotokana na uzazi vilikadiriwa kuwa 556 kwa kila vizazi hai laki moja katika utafiti wa 2015/16, na 104 katika ule wa mwaka 2022. Pato la Taifa halina safu ya kuliandika badiliko hilo.

Tukiachana na hadithi ya kwamba tulikuwa sawa, tunabaki na swali lenye manufaa: Wakorea walikuwa na nini mwaka 1961, au walianza kujenga nini muda mfupi baadaye, ambacho sisi hatujakikamilisha hadi leo? Mtoto anayemaliza shule ya msingi akisoma kwa ufasaha. Mkulima mwenye uhakika wa ardhi yake. Nchi yenye uwezo wa kumfikia raia wake kwa barabara na umeme. Na serikali inayoweza kumnyang'anya upendeleo mfanyabiashara aliyeshindwa kutimiza ahadi. Yote manne yanapimika kila mwaka, wilaya kwa wilaya. Waziri wa fedha ayasome bungeni kabla ya kusoma asilimia ya ukuaji, na wabunge wamhoji juu ya hayo kwanza.