Ahamiaye Njombe na Achague Mtaa Kwanza

Tangu Mkoa wa Njombe ulipomegwa kutoka Iringa mwaka 2012, na miji yake miwili mikubwa, Njombe yenyewe na Makambako, ikazidi kupokea watumishi wa serikali waliopata uhamisho, wafanyabiashara wa mbao, viazi na maparachichi, walimu, wauguzi, na vijana wasiokuwa na rasilimali nyingine ila tumaini, kila mgeni amekuwa akiulizwa swali lile lile kabla hajatua mizigo yake: utakaa wapi? Aghalabu ajibuye swali hilo si mgeni mwenyewe bali ni dalali, ambaye hana haja na jambo lolote ila nyumba: ina vyumba vingapi, maji yako ndani au uani, mita ya umeme ni ya peke yake au ya kuchangia, na mwenye nyumba ataka kodi ya miezi mitatu au ya mwaka mzima. Juu ya mtaa dalali hasemi neno, wala mgeni hamwulizi. Kwa rai yangu, hapo ndipo hasara inapoanzia. Kwa maana nyumba mbovu hutengenezeka kwa bati jipya na ndoo mbili za rangi, ilhali mtaa usiofaa hauna fundi, na mpangaji hawezi kuubadili hata awe na fedha kiasi gani.

Waarabu wana usemi wa kale usemao kwamba jirani hutazamwa kabla ya nyumba, na mwenzi kabla ya safari. Mimi ningethubutu kuongeza, kwa ajili ya miji ya nyanda za juu, kwamba pamoja na jirani hutazamwa mguu: je, kutoka mlangoni pa nyumba hiyo, mtu aweza kwenda kwa miguu yake sokoni, shuleni, zahanati, kanisani au msikitini, na kurudi kabla hajachoka wala hajaingiwa na giza?

Mji wa Njombe hauruhusu swali hili lipuuzwe. Umekaa juu ya vilima, kwa kimo kinachokaribia mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Barabara kuu itokayo Makambako kwenda Songea yapita katikati yake, na kutoka barabara hiyo mitaa huteremka kulia na kushoto hadi mabondeni. Mwezi wa Juni na wa Julai baridi yake ni ya kuwakimbiza watu wa pwani, na kuanzia Novemba hadi Aprili mvua huugeuza udongo wake kuwa utelezi ambao hata wenyeji huuendea kwa hadhari. Kwa sababu hiyo umbali wa Njombe haupimwi kwa kilomita peke yake, bali kwa mteremko, kwa tope, na kwa uzito wa kapu. Nyumba iliyo bondeni, kilomita mbili tu kutoka sokoni, huonekana jirani kabisa kwa mtu anayekwenda akiwa mikono mitupu. Na atazame jinsi umbali huo unavyoongezeka atakapokuwa akipanda kilima na debe la unga begani, jioni, manyunyu yakimpiga usoni. Hapo ndipo huita bodaboda, na akishaanza kuita bodaboda hataacha. Nauli ya kwenda na kurudi, ikizidishwa kwa siku za mwezi na kwa idadi ya watu wa nyumba, huila ile nafuu ya kodi iliyomvuta mwanzoni, tena huila bila kuonekana, kwa kuwa kodi hulipwa mara moja na kuumiza, lakini nauli hutoka kidogo kidogo.

Hata hivyo sababu ya fedha, ijapokuwa ni nzito, si ndiyo iliyonifanya niandike. Mtaa wa kuendeka kwa miguu huwa pia, karibu kila mara, mtaa wa watu wa kila namna. Na hilo ndilo hasa analolihitaji mgeni. Tazama mitaa ya kale iliyo karibu na soko la Njombe, au ile ya Majengo na Mwembetogwa kule Makambako: katika hatua mia mbili utakuta mashine ya kusaga, duka la dawa, fundi cherehani, kinyozi, mama anayekaanga viazi, nyumba ya mwalimu mstaafu, na nyumba ndefu ya vyumba vinane ambamo kila chumba kina familia yake. Humo Mbena mwenye nchi anapakana na Mkinga aliyeshuka kutoka milima ya Makete kwa ajili ya biashara, ambayo watu wa kwao wanasifika kwayo nchi nzima. Mpangwa wa Ludewa anapakana na Mhehe wa Iringa, Mnyakyusa na Mchaga. Mahali kama hapo mgeni hashangazi mtu, kwa kuwa nusu ya majirani walikuwa wageni jana. Siku chache atajua kuitikia salamu ya «kamwene», mwenye duka atamkopesha chumvi, na mwenyekiti wa mtaa, ambaye barua yake itahitajika benki na katika ofisi nyingine nyingi, atamfahamu kwa sura kabla ya kumfahamu kwa karatasi. Habari za kazi, za kiwanja kinachouzwa, za mganga anayetibu kwa insafu na yule anayetaka fedha tu, zote hupatikana kibarazani, bure, kwa mtu anayepita kwa miguu na kusalimu. Apitaye garini, vioo vimefungwa, huzipata zimechelewa au hazipati kabisa.

Jambo la usalama lahitaji kusemwa kwa taadhima, kwani Njombe ina jeraha. Mwanzoni mwa mwaka 2019 mauaji ya watoto yaliyotokea mkoani humo yaliitia nchi nzima simanzi, na wazazi wakawa wakiwasindikiza watoto wao shuleni kwa mkono. Sitadai kwamba mtaa wa namna moja au nyingine ungeliyazuia maovu yale. Ila nasema hili: mtoto atembeaye mbele ya maduka yaliyo wazi, penye mama anayeuza maandazi na mzee anayeota jua, huonwa na watu wanaojua jina la baba yake; na mtoto yule yule, akipita kati ya kuta mbili ndefu za uzio kwa nusu kilomita, haonwi na mtu. Mwandishi Jane Jacobs, aliyekuwa akikaa New York, aliieleza hoja hii katika kitabu alichokitoa mwaka 1961, akiwapinga wapimaji wa miji waliotaka kubomoa mitaa iliyochanganyika na kuweka majengo makubwa na barabara za magari. Na miaka ya karibuni jiji la Paris limejitangazia azma ya kumwezesha kila mkazi kupata mahitaji yake kwa mwendo wa robo saa, jambo ambalo mkazi wa Kariakoo au wa Mji Mkongwe angelishangaa kusikia kwamba lahitaji kutangazwa.

Makambako ni mji wa tabia nyingine, na nasaha yake ni nyingine. Huo umekuzwa na njia panda na reli. Hapo barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Mbeya na Tunduma inagawanyika, tawi moja likielekea Njombe, kilomita 60 hivi, na mbele yake Songea. Na hapo pana stesheni ya TAZARA, reli ya kilomita 1,860 iliyojengwa kwa msaada wa Wachina na kukabidhiwa mwaka 1976, ambayo kipande chake kigumu kuliko vyote, chenye madaraja na mahandaki mengi, ni kile kipandacho kutoka Mlimba hadi Makambako. Malori yaendayo Zambia na Kongo hulala hapo, na mji hula kwa hayo malori: kwa wali na supu, kwa vitanda vya wageni, kwa matairi na mafuta. Lakini riziki hiyo hiyo ndiyo hatari yake. Mtu anayehamia Makambako na atazame kwanza barabara kuu iko upande gani wa nyumba yake na shule ya watoto wake iko upande gani. Kama ziko pande mbili mbalimbali, basi kila siku ya Mungu mtoto atavuka mara mbili mbele ya malori yanayoteremka kwa kasi, na kibao cha kilomita 50 kwa saa si ngao. Bora chumba kidogo upande ulio salama kuliko nyumba pana ng'ambo ya barabara. Upepo wa Makambako nao, ambao nguvu yake imewafanya watu wafikirie kuufua umeme, huvurumisha vumbi la ukingoni mwa mji kwa namna isiyosemeka. Lakini katika mitaa iliyosongamana nyumba hukingana.

Najua nitakavyojibiwa. Mtu ataniambia kwamba mtaa uliochanganyika una kelele: mashine ya kusaga haipumziki, kilabu cha ulanzi hakina saa ya kufunga majira ya masika, na vipaza sauti vya ibada hushindana alfajiri. Ni kweli. Mwingine atasema kwamba yeye ataka faragha, na shamba la mboga, na banda la ng'ombe wawili wa maziwa, na hayo hayapatikani sokoni. Hilo pia ni kweli, na mwenye ng'ombe namsamehe. Na aende zake Uwemba au kwingineko kwenye nafasi. Ila mtumishi asiye na ng'ombe wala jembe, ambaye huenda pembezoni mwa mji kwa sababu tu ameambiwa kwamba watu wa cheo chake hukaa huko, huyo ananunua upweke kwa bei ya juu.

Desturi hiyo ya kukaa kwa vyeo ina asili yake, nayo si njema. Wajerumani waliianza na Waingereza wakaiendeleza pale walipoigawa Dar es Salaam katika Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, wakauacha uwanja wa Mnazi Mmoja wazi ili uwe mpaka baina ya Kariakoo na Uhindini. Rangi iliondoka katika sheria. Desturi ya kuwatenga watu haikuondoka. Hadi leo viwanja hupimwa kwa ujazo wa juu, wa kati na wa chini, kila ujazo mahali pake, na kwa hiyo mwenye nacho hupelekwa kwa wenye nacho, na asiye nacho kwa wasio nacho, kabla hata tofali la kwanza halijafyatuliwa.

Basi wewe unayehama, usilipe kodi kwa nyumba uliyoonyeshwa na dalali juu ya pikipiki; rudi peke yako, kwa miguu, siku ya mvua ikiwezekana, na utembee kutoka mlango huo hadi sokoni na hadi shuleni. Na Halmashauri za Miji ya Njombe na Makambako, ambazo bado zina ardhi ya kupima na kwa hiyo bado zina hiari, nazisihi katika upimaji ujao zichanganye viwanja vidogo na vikubwa katika mtaa mmoja, ziruhusu duka na kinu kando ya nyumba, na zichore njia ya waendao kwa miguu kabla ya kuuza kiwanja cha kwanza, kwa kuwa kiwanja kikishauzwa na kujengwa, njia haipatikani tena ila kwa kubomoa na kulipa fidia.