Breki Kubwa, Tairi Kipara

Tumechoka kusikia vijana wetu wa Bujumbura wakiambiana kuwa gari likishafungwa diski kubwa za breki na kalipa za pistoni nne, basi limekuwa salama. Tukiwauliza salama kwa kipimo gani, wanatuonyesha kalipa nyekundu inayong'aa nyuma ya rimu. Huo ni urembo. Anayetaka urembo na aseme hivyo, asimwambie mzazi wake kuwa pesa ile ni ya usalama.

Kinacholishika gari barabarani ni tairi. Kazi ya breki ni kulizuia gurudumu lisizunguke, na katika kulizuia hugeuza mwendo kuwa joto. Sasa, ikiwa breki ulizonazo ukizikanyaga kwa nguvu zinaweza kuligandisha gurudumu, au kuiamsha ABS kwa gari lililo nayo, basi zimeshatoa zote ambazo tairi inaweza kupokea. Funga diski kubwa kama sinia ya pilau. Tairi ikiwa kipara na lami imelowa, gari litateleza vile vile.

Watatujibu: na mteremko wa Bugarama je? Hapo wana hoja, wala hatuikimbii. Barabara ile inashuka kutoka zaidi ya mita 2,000 hadi huku mjini kando ya Ziwa Tanganyika, na dereva anayekanyaga breki njia nzima huzipasha moto mpaka zikalegea. Diski kubwa hubeba joto zaidi, ni kweli. Lakini mafuta ya breki nayo? Yale ya DOT 3 hunyonya unyevu wa hewani. Yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi. Yakishanyonya maji, kiwango hicho huweza kushuka hadi 140. Yakichemka hutoa mvuke ndani ya mabomba, pedali inazama mpaka sakafuni, na hapo kalipa haikusaidii, iwe nyekundu au ya dhahabu. Kubadilisha mafuta hayo ni kazi ndogo. Kushuka kwa gia nzito ni bure kabisa, na bado watu hawataki!

Tena breki zimepangwa kwa mizani, za mbele na za nyuma. Ukifunga mbele kalipa zenye pistoni kubwa bila kugusa kitu kingine, pedali hushuka zaidi kwa kuwa mafuta mengi zaidi yanatakiwa kusukumwa, na magurudumu ya mbele huganda kabla ya yale ya nyuma kufanya sehemu yao. Gari linaweza kusimama mbali zaidi kuliko lilivyotoka kiwandani. Halafu rimu ya zamani haipiti juu ya kalipa, inunuliwe nyingine na tairi zake. Yote hayo kutoka mfuko ule ule wa ada za watoto.

Mwenye gari la mashindano aliyefunga seti kamili iliyotengenezwa kwa gari lake, hatuna ugomvi naye. Tunayemsema ni baba anayepakia watoto nyuma ya Corolla na kushuka Bugarama kwenye mvua. Huyo, kabla ya kuulizia bei ya kalipa huko Buyenzi, ainame azitazame tairi zake 4, kisha amuulize fundi: mafuta ya breki yalibadilishwa lini? Akipata jibu, aje tuzungumze habari ya diski.