Sindano Isiyomgusa Mgonjwa

Asubuhi moja ya baridi, kama zilivyo aghalabu asubuhi za Kesses, nilisimama kando ya kitanda cha jamaa yangu katika kituo kimoja cha afya, nikamtazama muuguzi akiandaa seftriaksoni: akapangusa mpira wa kichupa kwa spiriti, akatia maji kwa sindano, akakitikisa hata unga ukayeyuka, kisha akakipindua na kuichoma sindano mara ya pili ili aivute dawa, ncha yake isifike nusu shibiri kutoka vidole vilivyokishika. Alipokwisha aliivua sindano, akaitupa kisandukuni, akalichomeka bomba lenyewe katika kanula iliyokuwa tayari mkononi mwa mgonjwa. Chuma kile kikali, basi, hakikumgusa mgonjwa hata chembe. Aliyekikabili muda wote ni muuguzi peke yake.

Kipo kifaa kidogo cha plastiki, chenye mwiba mfupi upande mmoja na mdomo wa kupokea bomba upande wa pili, ambacho hukaa juu ya kichupa, dawa ikavutwa pasi na sindano. Vile vilivyoundwa kwa dawa za saratani huzuia pia mvuke wa dawa hizo usimfikie mchanganyaji, na katika eneo letu, ambalo wagonjwa wake wa saratani hutibiwa Hospitali ya Rufaa ya Moi jijini Eldoret, hilo si jambo dogo.

Najua nitaambiwa kuwa sindano ya kuvutia dawa ni safi, haina damu ya mtu. Ni kweli. Lakini mkono wenye haraka haupambanui sinia ya safi na ya chafu, na ajali ya sindano yenye damu ya mgonjwa wa homa ya ini ya B yaweza kumwambukiza hata mtu 1 katika 3 miongoni mwa wasiochanjwa. Wala kifaa hiki si dawa ya uzembe: kichupa cha mgonjwa mmoja hubaki chake, na bomba lililotumika halirudi kichupani abadani. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2000 sindano zisizo salama ziliambukiza watu milioni 21 homa ya ini ya B.

Bei ya kifaa hiki huipita ya sindano, nakiri. Hata hivyo serikali za kaunti, zilizokabidhiwa dhamana ya afya tangu 2013, zaweza kuanzia wodi ambazo wagonjwa wake wana kanula tayari. Na ufundi wa plastiki ya tiba tunao, kwani Kilifi hutengenezwa mabomba ya sindano.

Yule muuguzi alipoinua mkono kurekebisha dripu, niliona plasta kwenye kidole gumba chake cha kushoto, nikamuuliza.

“Ni ya juzi tu, mzee,” akasema. “Ilikuwa safi.”

Akaenda kitanda cha pili, kichupa kingine mkononi.